Kwa nini wabunge wa Uingereza wanaweza kumng'oa waziri mkuu wa chama chao, na sisi tuliorithi bunge lao hatuwezi?

#1 Msomaji wa Makambako
Wakuu, habari za jioni.

Naomba hili tulijadili bila kuvutana kivyama. Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 Uingereza imepitiwa na mawaziri wakuu sita: Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Ukiwatazama wanne wa katikati, wote waliingia ofisini bila uchaguzi mkuu. Watu waliamka wakakuta nchi ina kiongozi mwingine. Tena May, Johnson na Truss hawakutolewa na wapinzani. Walitolewa na wenzao wa Conservative, watu waliokuwa wakiwapigia meza bungeni wiki chache kabla.

Kwangu mimi hiyo ndiyo nguvu ya mfumo wao kuliko uchaguzi wenyewe. Mkuu wa serikali analala akijua wabunge wake wanaweza kumtoa kabla ya mwezi kwisha. Sisi tumerithi spika, siwa, hansadi, hata maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hilo moja la maana hatukulichukua. Kwa nini? Wenye kujua karibuni, hasa mnaoishi kule.

#2 Ngosha wa Igoma
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Kijana wa Buza
Mkuu mbona jibu jepesi. Kule waziri mkuu anachaguliwa na mfalme, kwa hiyo mfalme akisema basi ni basi. Sisi rais tumemchagua wenyewe, nani amtoe?

#4 Wakili wa Kisutu
Kijana wa Buza, hapo hapana. Mfalme anateua, hachagui. Kazi yake ni kumwita yule ambaye Bunge la Makabwela litamkubali, basi. Truss aliteuliwa na Malkia Elizabeth kule Balmoral tarehe 6 Septemba 2022, siku mbili kabla ya Malkia kufariki, lakini jina lilikuwa limeshapikwa na chama. Malkia hakuwa na nafasi ya kusema "nileteeni mwingine".

Mwananchi wa kule hana karatasi ya kura ya waziri mkuu. Anamchagua mbunge wa jimbo lake tu. Wabunge ni 650, hivyo ukiwa na 326 umeshika serikali. Kwa vitendo unahitaji pungufu kidogo, kwa sababu spika na manaibu wake hawapigi kura, na Sinn Féin wa Ireland Kaskazini wanashinda viti lakini hawaendi kuapa. Mwaka 2024 walishinda viti 7 na vyote viko vitupu.

Msingi wa yote ni imani ya bunge. Tarehe 28 Machi 1979 Waziri Mkuu Callaghan aliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja! Ikabidi uchaguzi uitishwe, na Thatcher akaingia mwezi Mei. Bila imani ya bunge hakuna serikali, na imani hiyo haipo kwenye katiba iliyoandikwa kitabu kimoja kama yetu. Ni mazoea, sheria za hapa na pale, na maamuzi ya mahakama.

#5 Kijana wa Buza
Sawa wakili, lakini huyo Thatcher naye si alishindwa uchaguzi mwaka 1990?

#6 Masoud wa Kibokoni
Masalkheri jamaa. La, Thatcher hakushindwa uchaguzi mkuu hata mmoja. Alishinda 1979, 1983 na 1987. Mwaka 1990 aliondoshwa na chama chake. Heseltine alimpinga uongozi, na tarehe 20 Novemba wabunge wa Conservative wakapiga kura: Thatcher 204, Heseltine 152. Kwa hesabu ya kawaida kashinda. Lakini kanuni yao ilitaka amzidi mpinzani kwa asilimia 15 ya wabunge wote wa chama, naye akapungukiwa kura nne. Kesho yake akawaita mawaziri mmoja mmoja chumbani kwake bungeni, na wengi wakamwambia hawezi kushinda duru ya pili. Tarehe 22 akatangaza kuondoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye uzi: ni KANUNI ZA CHAMA, katiba ya nchi haina habari. Conservative wana kamati ya wabunge wa viti vya nyuma inayoitwa Kamati ya 1922. Wakati wa May na Johnson, mbunge asiyemtaka kiongozi alimwandikia mwenyekiti wa kamati hiyo barua ya siri. Barua zikifika asilimia 15 ya wabunge wao, kura inapigwa, na ni ya siri pia. Kiongozi hajui nani kaandika. Mtilieni maanani huyo mwenyekiti, Graham Brady, miaka yote ile alikuwa akiweka barua na hasemi zimefika ngapi.

Nionesheni chama kimoja Afrika Mashariki ambacho mbunge wa kawaida anaweza kuandika barua ya siri dhidi ya mwenyekiti wake na kesho akaamka bado ni mwanachama.

#7 Shangazi wa Reading
Masoud umenena. Ila kanuni peke yake haitoshi, nitaeleza baadaye. Nipo kazini, naingia zamu ya usiku.

#8 Nakuru Fresh
Salamu kutoka Nakuru. Masoud, kanuni hizo unazisifu sana, lakini May alishinda kura ya siri Desemba 2018, 200 kwa 117, na Johnson akashinda Juni 2022, 211 kwa 148. Wote kanuni iliwalinda: ukishinda huguswi mwaka mzima. Na wote wakaondoka kabla ya mwaka kuisha! Johnson hata wiki tano hazikuisha akatangaza kuondoka. Kilichomuondoa ni mawaziri kujiuzulu. Javid na Sunak waliachia ngazi jioni moja tarehe 5 Julai, wakipishana dakika chache, na ndani ya siku mbili zaidi ya 50 wenye vyeo serikalini wakafuata. Akabaki hana watu wa kujaza wizara.

Pia angalieni Labour. Juni 2016 wabunge wao walipiga kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wao Corbyn, 172 dhidi ya 40. Kwa Conservative huo ni msiba wa siku hiyo hiyo. Corbyn akakataa kutoka, akaenda kwa wanachama, na Septemba wakamrudisha kwa karibu asilimia 62. Kwa hiyo "wabunge wa Uingereza wanaweza kumng'oa kiongozi" ni kauli ya Conservative. Labour ni hadithi nyingine, wanachama na vyama vya wafanyakazi wana mkono mzito pale.

#9 Ngosha wa Igoma
Kumbe hata wao kila chama na desturi zake.

#10 Kijana wa Buza
Aliyedumu kwenye namba 10, nyumba ya waziri mkuu, ni yule paka Larry peke yake. Yupo tangu 2011, mawaziri wakuu wanapita yeye yupo mlangoni.

#11 Masoud wa Kibokoni
Yakhe wewe umekuja kwa paka tu. Nakuru Fresh, Corbyn hakuwa serikalini. Kumng'oa kiongozi wa upinzani na kumng'oa waziri mkuu ni vitu viwili. Wa upinzani anaweza kukaa hata bila wabunge wake, waziri mkuu hawezi, maana bajeti haitapita.

#12 Fundi Umeme Luton
Mnasahau pesa. Nilikuwa hapa hapa Septemba 2022. Tarehe 23 waziri wa fedha Kwarteng alisoma bajeti ndogo yenye punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, na hakusema pengo litazibwa na nini. Jumatatu yake pauni ikaanguka mpaka ikakaribia kulingana na dola. Siku mbili baadaye Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani za serikali ili mifuko ya pensheni isizame. Benki za mikopo ya nyumba zikaondoa ofa zao mezani. Mimi na mke wangu tulikuwa na ofa ya mkopo wa nyumba ndogo ya vyumba viwili, meneja akatupigia kusema riba ile haipo tena. Nyumba tuliikosa, na mpaka leo tunapanga.

Sasa fikirieni wabunge wa Conservative wanapokea simu za namna hiyo kutoka majimboni kutwa nzima. Nani angemvumilia Truss? Siku 44 tu akawa ametoka. Soko ndilo lililomng'oa. Kanuni za barua zilikuja kuzika tu.

#13 Wakili wa Kisutu
Fundi, pole kwa nyumba. Sahihisho dogo: alitangaza kujiuzulu siku ya 45, tarehe 20 Oktoba, na alikaa mpaka Sunak alipoingia tarehe 25, ndiyo wanasema siku 49.

Na tusisahau nani alimweka. Wabunge walichuja wagombea wakabaki wawili, halafu wanachama wa Conservative wakapiga kura: Truss 81,326, Sunak 60,399. Nchi ya watu zaidi ya milioni 65 ilipata waziri mkuu kwa kura za watu ambao hawajai uwanja wa Wembley. Mwenye uzi anasifu, lakini upande huo pia autazame.

#14 Msomaji wa Makambako
Wakili, naliona. Ila waliomweka ni wanachama na waliomtoa ni wabunge. Nachosifu ni ule mkono wa kutoa.

Kwa faida ya wasiojua, huyo Sunak baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Tuendelee.

#15 Kijana wa Buza
Kwa hiyo mjukuu wetu! Angegombea huku tungempa jimbo la Upanga.

#16 Shangazi wa Reading
Nimetoka zamu, sasa niwaeleze ninachokiona kwa macho.

Wengi hamjui kwamba raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anajiandikisha na kupiga kura ya uchaguzi mkuu, hata kama hana uraia wao. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na nimepiga kura. Tarehe 4 Julai 2024 nilikwenda asubuhi kabla ya kulala. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, vituo vinafungua saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Nikatoa pasipoti yangu ya EAC, maana siku hizi lazima kitambulisho chenye picha, yule mama akatafuta jina kwenye orodha, akalipiga mstari kwa rula. Karatasi moja, majina ya wagombea ubunge wa jimbo, unaweka alama kwa penseli iliyofungwa kwa uzi. Hakuna wino kidoleni, hakuna askari. Nje kulikuwa na mbwa watatu wamefungwa kwenye uzio wanasubiri wenyewe.

Jina la Starmer halikuwapo kwenye karatasi yangu, wala la Sunak.

Sasa kwa nini nasema kanuni za chama hazitoshi. Mdogo wangu alikwama na kibali chake, ofisi moja ya serikali ikanyamaza miezi. Rafiki akaniambia nenda kwa mbunge. Nikamwambia mbunge gani anipokee mimi? Nikaenda Jumamosi, maktaba ya mtaa, viti vya plastiki, watu kama kumi na wawili kwenye foleni: mmoja ana ukungu ukutani, mwingine shule ya mtoto. Mbunge amekaa na msaidizi mwenye daftari. Hakuniuliza chama. Aliniuliza msimbo wa posta, kuthibitisha naishi jimboni kwake, halafu akaniuliza namba ya faili. Ndani ya wiki nikapata nakala ya barua aliyoandika, juu ina ile nembo ya kijani ya lango la bunge. Mdogo wangu akajibiwa.

Mbunge wa namna ile anajua sura za watu wake. Akiona kiongozi wa chama anamharibia kwa watu wa foleni ile, anamtosa kiongozi. Ajira yake iko kwenye foleni, haiko namba 10. Hilo ndilo jibu langu.

#17 Ngosha wa Igoma
Shangazi asante sana kwa ushuhuda huu. Swali: na Wakongo na Warundi wa huko nao wanapiga?

#18 Shangazi wa Reading
Hapana mwanangu. Mkenya, Mtanzania, Mganda ndiyo. Mnyarwanda pia, kwa sababu Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Mrundi na Mkongo mpaka wapate uraia. Na ukiwa na haki ya kukaa bila kikomo unaweza hata kugombea. Dhamana ni pauni 500, ukikosa asilimia 5 ya kura inapotea.

#19 Wakili wa Kisutu
Shangazi ameligusa penyewe, nami niliunge na sheria.

Mbunge wa Uingereza akifukuzwa chama haachi kiti. Septemba 2019 Johnson aliwanyang'anya uanachama wa kambi ya chama wabunge 21 kwa mpigo, kwa sababu walipiga kura na upinzani kuzuia Brexit, yaani kutoka Umoja wa Ulaya, bila makubaliano. Miongoni mwao alikuwamo Ken Clarke aliyewahi kuwa waziri wa fedha, na Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Kesho yake waliingia bungeni kama kawaida, wakakaa, wakapiga kura tena. Churchill mwenyewe alihama Conservative kwenda Liberal mwaka 1904, alivuka ukumbi akakaa upande wa pili, na baadaye akarudi. Corbyn alikosana na Labour, akagombea binafsi Islington North 2024 na akashinda.

Kwetu ibara ya 71 ya Katiba inasema ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka bungeni, ubunge umekwisha. Na mgombea binafsi hakuna, ingawa Mchungaji Mtikila alishinda kesi hiyo Mahakama ya Afrika mwaka 2013. Weka hayo mawili pamoja uone: chama kikikufuta, huna kiti na huna njia ya kurudi. Nani atathubutu kuandika barua? Mnatafuta mbali, jibu liko kwenye ibara ya 71.

#20 Nakuru Fresh
Wakili, Kenya pia kifungu cha 103 kinakutoa ukihama chama, lakini sisi wagombea huru tunao na wanashinda. Mbona bado wabunge wetu hawathubutu? Nakubali ibara ni kikwazo, sikubali kwamba ndiyo jibu lote.

Halafu msifikirie wabunge wa Uingereza wako huru sana. Kuna viranja wa chama, nyinyi Watanzania mnawaita wanadhimu. Kila wiki wanatuma karatasi ya kazi za bunge. Jambo lililopigwa mstari mmoja chini ni hiari, mistari miwili uwepo, mistari mitatu hata ukiwa mgonjwa uje. Kura ikiitwa kengele zinalia jengo zima, una dakika nane kufika kabla milango haijafungwa. Hawabonyezi kitufe viti vyao. Wanatembea kwa miguu kupita ushoroba wa Ndiyo au wa Hapana, na kiranja amesimama pale anatazama nani anapita wapi. Hakuna siri hapo. Siri iko kwenye kura ya chama tu.

#21 Fundi Umeme Luton
Hilo la kutembea lina faida. Mbunge wa viti vya nyuma anakutana na waziri uso kwa uso mle ushorobani, anamshika mkono anamweleza shida ya jimbo. Ndiyo maana wengi wao hawataki kubadilisha. Na ukumbi wenyewe una viti kama 427 kwa wabunge 650, siku ya maswali kwa Waziri Mkuu Jumatano adhuhuri wanabanana mpaka kwenye ngazi.

#22 Nahodha wa Wete
Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote. Naona mnausifu mfumo huu, na mimi natoka mahali ulipotupitia, kwa hiyo nitasema.

Msingi wa bunge la Uingereza ni jimbo moja, mbunge mmoja, mwenye kura nyingi achukue. Waingereza walituachia hesabu hiyo hiyo Zanzibar. Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, viti 31. Afro-Shirazi ilipata kura asilimia 54 na viti 13. Vyama vya ZNP na ZPPP kwa pamoja kura pungufu, viti 18. Walio wachache kwa kura wakaunda serikali, Mohamed Shamte akawa Waziri Mkuu, uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi. Marehemu babu yangu alikuwa msimamizi wa foleni ya wapiga kura Pemba mwaka ule. Alikuwa akisema watu walirudi majumbani na matokeo mkononi, wanahesabu, na hesabu haiwaingii.

Sisemi mapinduzi yalikuja kwa sababu ya hesabu za kura tu. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na ukabila, kulikuwa na ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 na waliokufa. Lakini mfumo unaompa kiti cha enzi mwenye kura chache si wa kuusifu kwa sababu unamtoa mtu upesi.

#23 Masoud wa Kibokoni
Nahodha, wa alaykum salaam. Umesema kweli na inauma. Lakini hapo tutenganishe mfumo na mipaka. Afro-Shirazi kura zake zilirundikana Unguja, inashinda jimbo kwa maelfu ya ziada, na wenzao wanashinda Pemba kwa pengo jembamba. Kura za ziada hazina kazi. Mipaka ingechorwa vingine matokeo yangekuwa mengine.

#24 Nahodha wa Wete
Yakhe Masoud, mipaka ni sehemu ya mfumo. Huwezi kuwa na mbunge mmoja wa jimbo bila mtu kukaa na kalamu kuchora jimbo. Januari 1961 Chake Chake iliamuliwa kwa kura MOJA, na viti vikagawanyika mpaka kambi mbili zikawa sawa 11 kwa 11 na uchaguzi ukarudiwa Juni. Nchi ndogo haibebi mambo kama hayo.

#25 Fundi Umeme Luton
Na kwao yanatokea. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative na ikatoka madarakani. Februari 1974 ikawa kinyume chake. Mwaka 2015 UKIP walipata kura milioni 3.9 na kiti kimoja, SNP wa Scotland kura milioni moja na nusu hivi na viti 56. Mwaka 2024 Labour kwa asilimia 33.7 ya kura wakapata viti 411. Reform kura milioni 4.1 viti 5, wakati Liberal Democrats wenye kura milioni 3.5 wakapata 72. Waliulizwa kwa kura ya maoni 2011 kama wabadilishe kidogo, asilimia 68 wakakataa.

Hakukuwa na mapinduzi kwa sababu aliyeshindwa anajua zamu itarudi. Zanzibar 1963 nani alikuwa na uhakika wa zamu?

#26 Shangazi wa Reading
Nahodha, nakuelewa. Lakini ukifuta majimbo ukaleta orodha za chama, ile foleni yangu ya maktaba inakufa. Mbunge wa orodha anamwogopa anayepanga orodha.

#27 Nakuru Fresh
Shangazi, samahani, Afrika Kusini inapinga hoja hiyo. Wale wanatumia orodha za chama, uwiano wa kura, hakuna foleni ya maktaba. Na ANC ilimtoa Mbeki Septemba 2008, ikamtoa Zuma Februari 2018, wote katikati ya muhula. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu rais wao anachaguliwa na bunge, kama waziri mkuu wa Uingereza. Kwa hiyo hoja ya jimbo inaanguka, na ya ibara ya 71 inayumba. Kinachobaki ni hiki: mkuu wa serikali ameletwa na nani? Akiletwa na bunge, bunge linamtoa. Akiletwa na nchi nzima kwa kura ya moja kwa moja, atawaambia wabunge "mimi nina kura milioni nane, wewe una elfu ishirini".

#28 Wakili wa Kisutu
Nakuru, waliomtoa Mbeki ni Halmashauri Kuu ya chama, si wabunge. Wabunge waliletewa jina. Huo ni mfano wa chama kuwa juu ya bunge, na Msomaji ameuliza kuhusu wabunge kuwa juu ya kiongozi.

#29 Mzee wa Kikuyu Dodoma
Wanangu, mnasema kwetu haijawahi kutokea. Januari 1984 hapa hapa Dodoma, Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa, na Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, akatoka kwenye kikao akiwa amejiuzulu nyadhifa zote. Ndiyo ile tuliyoiita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Kosa lake lilikuwa kutaka serikali tatu.

Na kabla ya hapo, Januari 1962, Mwalimu aliacha Uwaziri Mkuu wa Tanganyika wiki sita baada ya uhuru, akaenda kujenga chama, na Rashidi Kawawa akashika. Hakuna mwananchi aliyepiga kura. Malkia alikuwa bado mkuu wa nchi, utaratibu ulikuwa ule ule wa Westminster, chama kinaleta jina na Gavana Mkuu anateua. Tuliutumia na ulifanya kazi. Tuliuacha wenyewe tarehe 9 Desemba 1962 tulipokuwa jamhuri yenye rais mtendaji.

#30 Kijana wa Buza
Mzee hiyo ya Kawawa sikuwahi kuifikiria namna hiyo. Na Lowassa 2008 je? Si Waziri Mkuu alitoka kwa sababu ya bunge?

#31 Wakili wa Kisutu
Alitoka, baada ya ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Hiyo ni siku kubwa kwa Bunge letu na isidharauliwe. Lakini Waziri Mkuu wa Tanzania si mkuu wa serikali. Rais alibaki, akaleta jina jingine, Bunge likathibitisha.

#32 Msomaji wa Makambako
Asanteni wote, Mzee shikamoo. Naona majibu matano hayajakubaliana: kanuni za chama, soko, foleni ya jimbo, ibara ya 71, na rais kuchaguliwa moja kwa moja. Mimi baada ya Mzee nimesogea upande wa Nakuru.

Ila nina swali kwa Shangazi na Fundi. Mbunge wa kule akiwa hovyo, wananchi wenyewe wana la kufanya, au wanasubiri miaka mitano?

#33 Fundi Umeme Luton
Tangu 2015 kuna sheria. Akifungwa jela, au akisimamishwa na bunge kwa muda usiopungua siku 10 za vikao, daftari linafunguliwa jimboni wiki sita. Asilimia 10 ya wapiga kura wakitia saini, kiti kiko wazi na uchaguzi mdogo unaitishwa. Peterborough walikuwa wa kwanza kufanikiwa, 2019. Lakini kwa uvivu tu au kutoonekana jimboni, hapana.

#34 Shangazi wa Reading
Na hata yeye mwenyewe akitaka kuacha hawezi kujiuzulu hivi hivi, kuna azimio la mwaka 1624. Inabidi aombe cheo cha kale cha usimamizi wa ardhi ya mfalme, Chiltern Hundreds au Northstead. Cheo hakina kazi wala mshahara, ila mwenye cheo cha mfalme haruhusiwi kuwa mbunge, basi kiti kinaachwa.

#35 Mzee wa Kikuyu Dodoma
Marahaba Msomaji. Nakuru, mwanangu, hoja yako nzuri, lakini nijibu hili: Jumbe naye alichaguliwa kwa kura ya moja kwa moja ya Wazanzibari mwaka 1980, na bado kikao kilimtoa. Unasemaje?

#36 Nakuru Fresh
Mzee, chama kilikuwa kimoja. Kura ilikuwa ndiyo au hapana, jina limeletwa na kikao. Aliyeleta jina ndiye aliyelichukua.

#37 Nahodha wa Wete
Nakuru, kuhusu Jumbe usikimbie upesi hivyo. Kuna waliokuwamo Zanzibar miaka ile watakaokuambia kikao kilimaliza tu, kazi ilikuwa imeshafanyika Unguja. Nitaandika kesho baada ya Ijumaa, ni ndefu.